Ukiandika "mkataba", "mikataba" haiji

Mhasibu anatafuta mkataba wa mzabuni wa jenereta. Anafungua SharePoint ya ofisi, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kutafuta mafaili, anaandika "mkataba jenereta", inamletea muhtasari wa kikao na maombi ya mafuta. Faili lipo. Ila aliyelihifadhi aliliita "Mikataba ya majenereta", na ndani yake ni karatasi zilizoskaniwa, picha tupu. Anapiga simu IT.

Simu hiyo nimeipokea mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, mjadala wa kubaki na seva zetu au kuhamia wingu, yaani SharePoint Online inayoendeshwa na Microsoft kwa intaneti, ukianza, mimi naanzia kwenye kisanduku cha kutafutia. Wakubwa wanaanzia kwenye bei. Na mjadala haukwepeki: SharePoint Server 2016 na 2019, matoleo ya kuweka kwenye seva yako, mwisho wa kupata viraka vya usalama ni Julai 14, 2026.

SharePoint haijui ngeli. Inakuruhusu kuweka kinyota mwishoni mwa neno: "mkat*" italeta mkataba, na kama kamati ya chai nayo ina folda, italeta mkate. Mwanzoni mwa neno kinyota hakifanyi kazi. Sasa Kiswahili hubadilikia wapi? Kibali, vibali. Mkataba, mikataba. Palepale ambapo kinyota hakifiki.

Ukiwa na seva yako, dawa ipo. Unaandika faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye neno, kisawe chake na lugha, unalipakia kwa PowerShell, programu ya kuandikia amri, na kuanzia hapo anayetafuta "kibali" analetewa na "vibali". Kazi ya kuchosha, lakini ukishaifanya wafanyakazi wanadhani umenunua mfumo mpya. SharePoint Online haina njia ya kupakia faili kama hilo. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kubaki na seva, na sijawahi kuisikia kikaoni. Zinazosikika ni usiri wa taarifa na intaneti. Hizo nazo zina uzito: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, aliyekuwa na seva chumba cha pili aliendelea kufungua mafaili yake.

Lakini huduma ya kutafuta ndiyo hiyohiyo inayomtesa msimamizi wa seva. Fungua Task Manager asubuhi uone noderunner.exe, programu zinazoendesha utafutaji, zilivyojipanga, kila moja inakula RAM. Faharasa, ile orodha ya maneno ambayo utafutaji unaitegemea, ikiharibika unaifuta na kuanza kusoma mafaili yote upya, na muda wote huo watu wanatafuta hawapati kitu. Kisha kuna viraka. Julai 2025 wadukuzi waliingia kwenye SharePoint za seva binafsi sehemu nyingi duniani kupitia tundu ambalo SharePoint Online haikuwa nalo. Ofisi yenye mtu mmoja wa IT, ambaye ndiye pia anatengeneza printa, ingeweka kiraka kile saa ngapi?

Kuna tatizo moja ambalo halitibiwi na upande wowote. Utafutaji huonyesha kile tu ambacho mtu ana ruhusa nacho, na ruhusa nyingi tulizitoa kwa uvivu. Orodha ya mishahara iliyozikwa folda saba chini ilikuwa salama kwa sababu hakuna aliyejua njia ya kufika huko. Kisanduku cha kutafutia hakihitaji kujua njia. Kabla ya kuhamisha chochote, tafuta "mshahara" kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, uone kinachotoka.

Mwenye timu ya watu watatu au wanne wanaojua kazi, abaki na seva zake, ahamie Subscription Edition, toleo jipya la kuweka kwenye seva zako. Mwenye fundi mmoja aende wingu tu, na pengo la visawe alizibe kwa safu ya "Aina ya hati" yenye orodha ya kuchagua, ili mtu asiandike jina analotaka.

Lile faili tulilibadilisha jina: "Mkataba – jenereta". Mhasibu akalipata siku hiyohiyo, akashukuru. Jumatatu akapiga tena, anatafuta kibali cha ujenzi.