Shirika la Watoto Halikui kwa Kuongeza Vitanda

Shirika la kusaidia watoto likitangaza kwamba limekua, picha huwa ni ileile: bweni jipya, mgeni rasmi anakata utepe, watoto wamepangwa mstari na sare zao mpya. Picha hizo hunitia wasiwasi. Watoto wengi walio katika vituo tunavyoviita vya yatima wana mama au baba aliye hai, au bibi, au shangazi. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini: kodi ya chumba imelimbikizwa, mzazi anaugua, mtoto ana ulemavu na hakuna wa kubaki naye mama akienda kibaruani. Jenga bweni katika mtaa kama huo, litajaa tu. Hilo halina maana kwamba yatima wameongezeka.

Shirika ninalolipenda katika jambo hili ni Hope and Homes for Children la Uingereza. Mwanzilishi wake, Kanali Mark Cook, alihudumu na Umoja wa Mataifa nchini Croatia, na huko akasaidia kujenga upya kituo cha watoto cha Lipik kilichobomolewa vitani. Mwaka 1994 yeye na mkewe Caroline walianzisha shirika hilo, na mwanzoni kazi ilikuwa hiyohiyo ya kujenga. Baadaye wakageuza njia kabisa, wakawa wanasaidia serikali kufunga vituo na kuwarudisha watoto kwenye familia. Shirika lilizidi kukua, safari hii kwa kupunguza vitanda.

Rwanda ni kati ya nchi walikofanya kazi. Mwaka 2012 walihesabiwa watoto na vijana 3,323 katika vituo 33 nchini humo. Mwaka uliofuata serikali na UNICEF wakaanzisha mpango wa Tubarerere Mu Muryango, yaani "tuwalee katika familia", na maelfu ya watoto wakahamia kwa ndugu au kwa walezi. Kinachonigusa zaidi ni wale Inshuti z'Umuryango, yaani "marafiki wa familia": kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, wanaopita nyumbani kwa watu. Hodi, mtoto amekula? Analala wapi? Mbona jana hakuonekana shuleni?

Kazi hiyo inahitaji pesa, na hapo ndipo wafadhili husita. Nauli ya ofisa ustawi wa jamii haina utepe wa kukata. Wala mtaji wa genge la mboga, wala kodi ya miezi mitatu inayomwezesha bibi kubaki na wajukuu wake.

Kenya nayo ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia. Naunga mkono. Ila mtoto akirudishwa nyumbani kisha asifuatiliwe, ametelekezwa mara ya pili. Tena wapo waliokimbia kipigo au ubakaji humo humo nyumbani. Hao wanahitaji mahali salama, padogo, huku wakitafutiwa familia nyingine.

Basi mkiombwa mchango, ulizeni: mwaka huu watoto wangapi wametoka kituoni na kurudi kwenye familia, na nani aliwatembelea baada ya hapo? Shirika lenye majibu lichangieni, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja cha kupanga.