Subira ya Yakub Ilikuwa na Machozi

Mwaka 2014 nilimpigia simu mdogo wangu usiku, nikamwuliza mtu anazikwaje. Nilikuwa kwenye sura ya tisa ya riwaya, mhusika wangu amekufa, na mimi mwanamke wa Tanga sijawahi kushuka makaburini siku ya maziko. Kwetu Ngamiani jeneza likishatoka mlangoni, sisi tunabaki na mikeka, vilio na masufuria.

Mdogo wangu alikuwa fundi friji. Hakuwahi kusoma riwaya hata moja, zikiwemo zangu. Lakini alinielekeza taratibu, kama anavyomwelekeza kijana aliyekuja kujifunza kazi. Kaburi linachimbwa, kisha ubavuni, upande wa kibla, unachimbwa mwanandani, yaani nafasi ya kumlaza maiti. Maiti analazwa kwa ubavu wa kulia, uso unaelekezwa kibla, vifundo vya sanda vinafunguliwa. Kinafuata kiunza, ubao wa kumfunika. Halafu udongo, na kila aliyehudhuria anatupia konzi tatu. Mwisho talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini. "Umeandika, dada?" Nikamjibu nimeandika.

Mama alifariki Machi 2017. Mdogo wangu alimfuata mwaka 2019, kwa homa ya siku nne. Jeneza lake lilipotoka mlangoni, wanawake wenzangu kwenye mkeka walikuwa wakisoma Yasin, nami midomo yangu ilikuwa ikisoma pamoja nao, lakini kichwani nilikuwa namsikia yeye. Sasa wanafungua vifundo. Sasa kiunza. Nilizijua hatua zote kwa mpangilio, kwa sauti yake mwenyewe.

Tangu siku ile sijatoa kitabu. Wasomaji wangu huniuliza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijibu kwamba nina kazi nyingi. Si kweli. Ukweli ni kwamba nilirudi kuzisoma riwaya zangu, nikaona nilivyokuwa nikiwaua watu. Katika moja nimemwua mtoto wa miaka sita kwa aya moja tu, ili baba yake aache ulevi. Kufikia ukurasa unaofuata baba ameshatubu, ameshaswali, maisha yanaendelea. Hakuna hata sentensi moja inayosema kandambili za yule mtoto zilibaki wapi. Niliyaandika yale nikiwa na mama na ndugu hai, nikadhani nimeandika msiba.

Ninaloandika leo linahusu imani kuliko linavyohusu riwaya, na nimelichelewesha kwa kuogopa kueleweka vibaya.

Kwenye misiba yetu kuna maneno mawili huwezi kuyakosa. La kwanza ni "Kazi ya Mungu haina makosa." Ninaliamini. Naliamini asubuhi na naliamini saa nane za usiku ninapoamka nikasahau kwa sekunde mbili kwamba hawapo. Ninachokikataa ni namna linavyotumika kumfunika mfiwa mdomo. Mtu hajamaliza kusema "mama yangu" tayari ameshawekewa hilo neno, kama kifuniko juu ya sufuria linaloanza kuchemka. La pili ndilo linaloniumiza zaidi: "Usilie, unamwadhibu marehemu." Niliambiwa hivyo mimi, siku ya kwanza, na mtu aliyenipenda. Nikanyamaza. Nikakaa siku tatu nikiamini kwamba kila chozi langu ni moto kwa mama.

Laiti siku ile ningekumbuka niliyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Ndiyo, hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa na jamaa zake imepokewa. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoisikia aliikosoa, akaleta aya ya Qurani kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na wanazuoni wametofautisha kati ya chozi na kile kilichokatazwa, yaani kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipompakata mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga anayekata roho, macho yake yalitiririka. Abdurrahman bin Awf akashangaa: hata wewe? Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Jicho linatoa machozi, moyo unahuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Jicho, moyo na ulimi, kila kimoja kikapewa haki yake. Sisi tumechukua la ulimi peke yake tukaliwekea mfiwa mwili mzima.

Halafu kuna Nabii Yakub, baba aliyempoteza mwanawe Yusuf. Sura ya Yusuf naipenda tangu utotoni, na kwa mtunzi wa hadithi ni jambo la kutetemesha kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe anaiita simulizi nzuri kuliko zote. Nimeisoma mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Ila ilikuwa baada ya arobaini ya mdogo wangu ndipo nilipoziona aya mbili zilivyopangwa. Aya ya 83 Yakub anasema maneno ambayo tumeyageuza kuwa sheria ya kunyamaza: subira njema. Aya ya 84, inayofuata papo hapo, anageuka pembeni, analia "ewe huzuni yangu juu ya Yusuf," na macho yake yanakuwa meupe kwa majonzi. Ni mtu yuleyule, katika kikao kilekile. Wanawe wanamwambia wanayotuambia jamaa zetu, kwamba hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uangamie? Naye anawajibu kwamba sononeko lake na huzuni yake anamshtakia Mungu.

Anamshtakia. Hakusema huzuni imekwisha, wala hakusema hana huzuni kwa sababu ana imani. Sijaona popote alipokaripiwa kwa hilo. Kwa hiyo mtu akinisimamisha sokoni akaniuliza kama kuandika kuhusu wafu wangu si kupingana na kadari, hapo ndipo ninaposimama.

Wala si jambo geni katika lugha yetu. Mzee wetu wa Vibambani, Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo, na jina lake akaliweka humo wazi. Na Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, maradhi yakiwa yamemshika mwaka mzima, alimwita bintiye aje karibu na wino na karatasi. Watu wanaukumbuka utendi ule kwa mafunzo ya ndoa. Mimi siku hizi namwona mama mgonjwa anayejua anaondoka, na binti aliyeketi ananukuu. Najiuliza mkono wa yule binti ulikuwaje.

Mama yangu hakuniachia utendi. Aliniachia kaunta buku. Alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja elfu hamsini kwa mwezi, na hesabu zote zimo humo kwa kalamu ya bluu: jina, kiasi, alama ya vema. Ukurasa wa Machi 2017 aliuacha na vema saba. Mstari wa nane ulikuwa na jina tu. Siku ya tatu ya matanga wale wanawake watano waliobaki walikuja na pesa zao mkononi, maana zamu ya mwenzao ilikuwa imefika na hawakutaka marehemu abaki na deni. Mama mkubwa akalishika daftari akamalizia. Kalamu ya bluu haikuonekana, akatumia nyekundu.

Mara ya kwanza nilipojaribu kuandika tena, nililitia lile daftari kwenye riwaya. Nikampa mhusika wangu alikute kabatini, alifungue, aone vema nyekundu na kufarijika kwamba jamii imebeba alichoacha mama yake. Ilikuwa sura nzuri. Mhariri angeipenda. Niliichana, kwa sababu mimi nilipoziona zile vema nyekundu sikufarijika. Nilishikwa na hasira juu ya mama mkubwa, ambaye hakukosea chochote, aliyekuwa akilinda amana ya mdogo wake. Nilitaka ukurasa ule ubaki na mistari mitano mitupu. Nilimsemesha kwa mkato kwa miezi, naye hakujua kwa nini, na nilipomwomba radhi aliniambia tu, "Mwanangu, mimi nami nilikuwa nimefiwa."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimejiona mfiwa peke yangu, na yeye ni mtu mwenye kalamu.

Sasa naandika nikiwa na sharti moja: simpi mhusika faraja ambayo mimi sijaipata. Kama naswali alfajiri na kifua bado kizito, naye ataswali na kifua kizito. Imani yangu haipungui kwa hilo. Nadhani zamani ndiyo ilikuwa pungufu, nilipokuwa naogopa kwamba Mungu hataweza kustahimili mfiwa wa kweli ndani ya kitabu, nikawa namtafutia wa kubuni aliyepoa mapema.

Sura ninayoandika mwaka huu ni ya binti anayemwosha mama yake. Hii sikuhitaji kumpigia mtu simu, kwani nilikuwepo. Nilisaidia kushika kata. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi, ya mwisho yakatiwa karafuu maiti, na mwoshaji alikuwa akininong'oneza nisimwage kwa haraka, kama vile mama angeshtuka. Kwenye kidole cha shahada cha mama kulikuwa na doa la wino wa bluu. Tulipitisha maji mara tatu na halikutoka.

Sura hiyo nina miezi saba nayo. Tunaanza upande wa kulia, na huo nimeshaumaliza.