Kitufe cha "Kataa" kiwekwe pale pale kilipo cha "Kubali"

Watu wengi wanaokerwa na madirisha ya vidakuzi (cookies), yaani vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kifaa chako ili ikukumbuke, huilaumu sheria. Unafungua habari, hujasoma hata kichwa chake, dirisha linaziba nusu ya kioo cha simu na kukutaka ukubali jambo usilolijua. Utasikia watu wakisema hiyo ni kazi ya wale wa Umoja wa Ulaya, kule Brussels, wanaopenda kutunga kanuni. Mimi naona lawama hiyo inamkosa mhusika.

Sheria haikudai dirisha. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2009, linataka mwenye tovuti aombe ruhusa kabla ya kuhifadhi au kusoma chochote kwenye kifaa chako, isipokuwa kile ambacho huduma uliyoiomba haiwezi kwenda bila hicho. Kidakuzi kinachokumbuka bidhaa ulizoweka kwenye kikapu cha duka la mtandaoni hakihitaji ruhusa. Kinachokuacha ndani ya akaunti yako baada ya kuweka nywila hakihitaji pia. Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari, alipobuni vidakuzi mwaka 1994, kazi yake ilikuwa ya namna hiyo, tovuti iweze kumtambua mgeni aliyekwisha kuingia. Kinachohitaji ruhusa ni kile kisicho cha lazima, hasa cha kukuandama kutoka tovuti hii hadi ile ili watu wa matangazo wajue unasoma nini, unaugua nini na unataka kununua nini. Mwenye tovuti asiyetumia vidakuzi vya namna hiyo hana sababu ya kutuwekea dirisha. Mara nyingi unapoliona, jua kuna mtu amechagua kukufuatilia.

Tangu Mei 2018, GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilipoanza kutumika, ruhusa hiyo lazima iwe ya hiari na itolewe kwa tendo la wazi. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua, katika kesi ya Planet49, kampuni ya bahati nasibu ya Ujerumani, kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ruhusa. Kampuni zikaondoa tiki, zikahamia kwenye ujanja mwingine: "Kubali zote" kwa kitufe kikubwa chenye rangi, na pembeni yake maneno ya kijivu, "Chaguo zaidi". Ukibonyeza hapo unakuta orodha ndefu ya "washirika", mara nyingine mamia. Swichi za ruhusa zimezimwa, ni kweli, lakini fungua sehemu ya "maslahi halali", yaani hoja ya kutumia taarifa zako bila kukuomba ruhusa, uone: zote zimewashwa, na ni juu yako kuzizima. Mtu mwenye bando la kuhesabu, amesimama kwenye daladala, atazizima saa ngapi? Atabonyeza kile kikubwa asome habari yake. Halafu kampuni itaandika kwamba ameridhia.

Ufaransa ndiyo iliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana kukomeshwa. Mapema Januari 2022 mamlaka yao ya faragha, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Hoja yake ilikuwa rahisi mno: kukubali ni mbofyo mmoja, kukataa ni mibofyo kadhaa, kwa hiyo anayekubali hajachagua kwa hiari. Kwa Facebook walikuta jambo lililonikasirisha kuliko yote. Aliyetaka kukataa alipelekwa dirisha la pili, na kitufe cha kukamilisha kukataa kwake, kule chini kabisa, kiliandikwa "Kubali vidakuzi". Kampuni zikapewa miezi mitatu kurekebisha, la sivyo euro 100,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Aprili mwaka huo huo Google ikaanza kuweka kitufe cha "Kataa zote" kando ya kile cha kukubali, ikianzia Ufaransa. Miaka yote ile tulikuwa tukiaminishwa kwamba mambo haya ni magumu kiufundi.

Sasa tuje kwetu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inasema bila kuzunguka kwamba mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayechukua taarifa, na kwamba mwenye taarifa anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na Tume yake ya kuisimamia. Tena Kamishna wa Data wa Kenya, anayesimamia sheria ile, si mtu wa barua tupu. Septemba 2023 alitangaza faini dhidi ya shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu iliyotumia picha ya mteja bila kumuuliza. Mzazi akipiga hatua kudai picha ya mwanawe, anasikilizwa. Kufuatiliwa mtandaoni hakuna picha ya kumwonyesha mtu, ndiyo maana ni rahisi jambo hilo kupuuzwa, ingawa kinachochukuliwa ni kingi zaidi.

Ninachoomba kwa ofisi hizo mbili ni mwongozo mfupi: kitufe cha kukataa kiwe ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, rangi yenye uzito ule ule, na maneno yawe ya lugha ambayo msomaji wa tovuti hiyo anaielewa. Tovuti inayoandika habari kwa Kiswahili haina udhuru wa kuomba ridhaa kwa Kiingereza cha mawakili.

Na kama wangependa kwenda mbele zaidi, California wamekwisha kufika. Huko mtu anaweza kuweka kwenye kivinjari chake alama moja inayoziambia tovuti zote zisiuze taarifa zake, na sheria inazilazimu ziitii. Agosti 2022 Sephora, kampuni ya maduka ya vipodozi, ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika kesi ambayo moja ya lawama zake ilikuwa kuipuuza alama hiyo. Mtu anakataa mara moja, kwa tovuti zote, na dirisha halina tena la kumuuliza.