Tangawizi kwa Maumivu ya Hedhi, Sawa. Kwa Damu Nyingi, Hapana

Maumivu ya hedhi huletwa zaidi na prostaglandini, kemikali zinazotolewa ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapoanza kubomoka. Ndizo zinazoubana msuli wake, na zikizidi huleta kichefuchefu na kuharisha. Tangawizi hupunguza utengenezwaji wake, njia ileile inayotumiwa na ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu. Kwa hiyo katika mitishamba yote ya hedhi, hii naitetea.

Tatizo ni jinsi inavyotumiwa. Majaribio mengi yalitumia miligramu 750 hadi 2,000 za unga kwa siku, katika siku 3 au 4 za mwanzo. Vipande viwili vyembamba ndani ya birika zima havifikii hapo. Chukua robo kijiko cha chai cha unga, mimina kikombe cha maji ya moto, funika dakika 10, koroga, unywe na machicha yake. Wanawake wa kwenye majaribio walimeza unga wenyewe, kwa hiyo ukimwaga kilichotuama chini umemwaga dawa. Mara tatu kwa siku, baada ya kula, maana tumbo tupu huleta kiungulia. Anza dalili ya kwanza inapojitokeza. Ukingoja hadi ujikunje kwa maumivu, prostaglandini zimeshajaa na kazi ya kuzizuia imechelewa.

Majaribio hayo yalikuwa madogo, tusifichane. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ulikuta ushahidi hafifu kwa tangawizi na uwatu pia. Mdalasini umejaribiwa kidogo, ila ule wa aina ya kasia una kemikali ya kumarini, ambayo ikizidi huumiza ini. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijipimie mwenyewe hata kimoja kati ya hivi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, juu ya kinena, inasaidia kweli, na haigombani na dawa yoyote.

Damu nyingi ni habari nyingine kabisa. Pedi ikilowa kila saa kwa saa kadhaa, au hedhi ikipita siku 7, chanzo chaweza kuwa uvimbe wa fibroidi kwenye mji wa mimba au kasoro ya kuganda kwa damu, na hakuna jani linaloyeyusha fibroidi. Nenda ukapimwe wingi wa damu.

Na hedhi iliyochelewa isifunguliwe kwa mitishamba kabla ya kipimo cha mimba. Ikiwa mimba imetunga nje ya mji wa mimba, kila siku ya kusubiri mizizi ifanye kazi inaukaribisha mrija wa uzazi kupasuka.