PCB au diploma ya utabibu: mtoto wa kusini apite wapi kufika kwenye udaktari?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, familia nyingi za Mtwara na Lindi hubaki na swali moja: mtoto anayetaka udaktari aende kidato cha tano akasome PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), au aingie chuo cha afya kusomea utabibu? Wengi hujibu harakaharaka kwamba kidato cha tano ni cha wenye akili na diploma ni ya waliofeli. Silikubali jibu hilo, ingawa upande wa PCB una hoja nzito.

Kwa miaka, tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. PCB ni miaka 2, shahada ya udaktari 5, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada) mwaka 1: jumla 8. Ukipitia diploma ni 3, halafu 5, halafu 1: jumla 9. Anayepita PCB anaokoa mwaka mmoja, na tangu bajeti ya 2022/23 serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita. Diploma ina ada, hata kama mikopo ya serikali imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa diploma za afya tangu 2023/24. Kwa mzazi asiye na kipato cha uhakika, hilo si jambo dogo.

Ugumu wa PCB unakuja mwishoni. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unataka ufaulu wa ngazi kuu (principal pass) kwenye masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, usiopungua pointi 6, yaani angalau D kila somo. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu Baraza la Mitihani na TCU hawahesabu pointi kwa namna moja. Kwa Baraza, pointi chache ndiyo ushindi. Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3 na D ni 2. Mwenye AAB ana divisheni wani ya 4, lakini kwa TCU ana pointi 14. Mwenye DDD ana divisheni tuu ya 12, na kwa TCU ana 6. Wote wawili wana sifa ya kuomba, lakini nafasi zikiwa chache chuo kitaanza na mwenye 14. Kijana mwenye 6 anayeomba vyuo vikuu vya Muhimbili, Bugando na KCMC tu anaweza kumaliza awamu zote za udahili bila kupata chuo, na alama zake za kidato cha sita peke yake hazimpi kazi yoyote hospitalini.

Aliyemaliza diploma ya utabibu ana taaluma mkononi. Anaweza kuajiriwa zahanati ya Newala au kituo cha afya Liwale huku akijiandaa kuomba chuo kikuu. Zaidi ya hapo, mikoa yetu haina chuo kinachofundisha udaktari wa shahada, lakini Mtwara kipo chuo cha maofisa tabibu. Kijana anasoma karibu na nyumbani, na mapema sana anagundua kama kweli anaweza kazi ya wodini. Nauona ugunduzi huo kuwa wa thamani kubwa, maana mwenye PCB huupata akiwa tayari chuo kikuu.

Ila njia hii ina mtego ambao vijana hawaambiwi mapema. Kuingia diploma, kijana anahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza tu. Akishamaliza na kutaka shahada ya udaktari, anatakiwa awe na GPA ya 3.0 au wastani wa B, pamoja na angalau D ya kidato cha nne kwenye Kemia, Baiolojia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza. Yule mwenye F ya Hisabati, aliyepokelewa diploma bila shida na akafaulu vizuri, anakwama kwa cheti cha zamani.

Tena kuna suala la msimu, linalowagusa wote. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati fedha ya korosho huanza kuonekana Oktoba. Ada ya maombi inatafutwa kwa kukopa, na fomu inajazwa steshenari. Mara nyingi mwenye steshenari huandika namba yake ya simu ili kazi iende haraka. Kijana akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha chuo hutumwa kwenye simu iliyoandikwa pale, na siku za kuthibitisha hazisubiri mtu. Mzazi asiondoke dukani kabla hajaiona namba ya mwanawe kwenye skrini.

Kwa mtoto mwenye B na C za sayansi, anayepata nafasi kwenye shule yenye maabara na mwalimu wa Fizikia, ningesema aende PCB bila kusita. Mwenye D tatu, au aliyepangiwa shule ambayo Fizikia inafundishwa kwa kubahatisha, namshauri diploma. Kama ana F ya Hisabati, ajisajili kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa bado mwaka wa kwanza chuoni, kabla mazoezi ya hospitali hayajambana.