Papa Alikuwa Mchezaji

Mwanzoni mwa mwaka 2001 nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: nyimbo za Nas, rapa wa Marekani, ambazo hazikutoka. Waliougua wananielewa. Albamu yake ya I Am... ilipangwa iwe ya CD mbili, nyimbo zikavuja kwenye intaneti kabla ya wakati, nyingi zikatupwa nje, na Aprili 1999 ikatoka CD moja. Mimi nilizitaka hizo zilizotupwa. Zilizotoka alikuwa nazo kila mtu, hadi konda wa daladala.

Basi nikipewa nauli natembea kwa mguu, hela inaishia kafe ya intaneti Posta. Napster, programu ya kushusha nyimbo bure, ilikuwa bado hai. Unashusha wimbo dakika 40, ukiufungua faili limeandikwa Nas lakini ndani anaimba mtu mwingine, tena vibaya. Au imebaki kidogo tu, umeme huo unaondoka. Wiki tatu nikaambulia nyimbo tatu: "Poppa Was a Playa" (yaani baba alikuwa mpenda wanawake), "Drunk by Myself" na "Fetus".

Kijana wa kafe akaniruhusu nije na redio kaseti ya nyumbani, tukaunga waya kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Hela ya kaseti tupu sina. Nikabeba moja ya mama, ya kwaya. Vile vidude vya juu vilishavunjwa isirekodiwe, nikaziba matundu kwa karatasi niliyoitafuna. Upande B hausikilizi, nikajidanganya. Kisha nikaandika majina ya nyimbo kwenye jalada, kwa mwandiko wa mtihani wa taifa.

Jumamosi jumuiya ikasalia kwetu. Baada ya rozari mama akaleta chai na maandazi, akasema, "Ngoja niwawekee kwaya."

Akaweka upande B.

Niliganda na sinia mkononi. Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Mwenyekiti akauliza hii kwaya ni ya parokia gani. Mwalimu mstaafu, miaka 30 ya kufundisha Kiingereza, akavaa miwani na kuchukua jalada.

"Hawa Wamarekani tahajia imewashinda kabisa," akasema. "Ila maana yake ni: Papa alikuwa mchezaji."

Kimya. Nikasubiri radi.

"Kweli!" Mwenyekiti akajipiga paja. "Yohane Paulo wa Pili alikuwa golikipa ujanani, kwao Poland! Nilisoma mimi, mwaka ule wa 1990 alipokuja hapa!"

Mama alinitazama kwa macho ambayo hata siku ya kipaimara sikuyaona.

Mwalimu akaendelea. "Nimelewa Peke Yangu. Huu ni ushuhuda. Na huu wa tatu ni kuhusu mimba, yaani uhai tangu tumboni. Huyu Nas ni padri wa wapi?"

"Queensbridge, New York," nikajibu. Sauti ilitoka yenyewe.

Kazi yangu ikawa kukohoa. Nikisikia tusi linakaribia, nakohoa. Nilikohoa hadi Mama Anna akaenda kwake kuniletea chai ya tangawizi. Kaseti ilipofika mwisho, wakaomba irudishwe nyuma.

Halafu Mwenyekiti akatoa wazo: kaseti apelekewe Baba Paroko, ipigwe Jumapili baada ya misa. Baba Paroko alikuwa ndiyo kwanza ametoka masomoni Marekani.

Jumapili haikupigwa. Niliitwa ofisini. Kaseti ilikuwa mezani, karatasi yangu ya kutafuna bado imo matunduni.

"Mama yako anajua?"

"Hajui, Baba."

"Basi asijue."

Akafungua droo, akaitumbukiza humo. Mimi nikapewa kufagia kanisa mwezi mzima na kumnunulia mama kaseti mpya ya kwaya. Mama akawaambia majirani nimepata wito.

Septemba 2002 Nas mwenyewe akazitoa, safi kabisa, kwenye The Lost Tapes. Zote tatu zimo. Miguu yangu yote ile ya kutoka Posta! Nilipopata kopi nikaipeleka parokiani, nikitaraji kukomboa kaseti yangu.

Baba Paroko akaigeuzageuza mkononi, akaiweka mfukoni mwa kanzu.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ile yako inakatika kabla ya mlevi kufika mwisho."