Pesto ya Bi Harusi

Kwa kuwa swahiba wangu, ambaye nilimkaribisha mezani kwangu kwa hiari yangu mwenyewe, amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti wenye urefu wa hotuba katika kila kundi la WhatsApp tulilomo pamoja, akidai kwamba juzi usiku niliwalisha wakwe zangu sabuni ya kuogea, imenilazimu kuandika habari hii mapema kabla haijafika Mombasa. Haikuwa sabuni. Mama mkwe hakuzirai. Wala hapana aliyepelekwa hospitali. Mengine yote aliyoyasema ni kweli, na baadhi yake ameyapunguza makali, jambo ambalo kwa shingo upande namshukuru.

Mnaonifuata siku zote mnamjua jirani yangu, yule fundi mstaafu wa Kiitaliano aliyeletwa Ngomeni na kazi za San Marco, zama zile satelaiti zilipokuwa zikirushwa kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini, na ambaye kazi ilipokwisha alibaki papa hapa Malindi pamoja na kinu chake cha marumaru alichoachiwa na bibi yake. Ni mzaliwa wa Genova, na katika suala la pesto, ule mchuzi mbichi wa majani ya mrehani wanaolia tambi, hana mzaha hata kidogo. Blenda haitaki kuiona, kwa kuwa anasema visu vyake huyachachafya majani na kuyapasha moto hata yakageuka meusi. Kwake yeye majani hupondwa kwa kinu cha jiwe na mchi wa mti, mkono ukizunguka taratibu: kwanza kitunguu saumu na chumvi ya mawe, kisha majani, kisha kokwa za msonobari, kisha jibini za aina mbili, na mafuta ya zeituni mwisho kabisa. Kinu aliniazima, na vipimo alinipa kwa mdomo akiwa amesimama kwenye ua wa miyaa, nami nikaviandika kwenye kiganja: gramu 50 za mrehani, punje mbili za kitunguu saumu, vijiko sita vya jibini ya Parmigiano na viwili vya jibini ya pecorino, mafuta nusu kikombe. Kokwa za msonobari nilipoziona bei yake dukani nilizirudisha rafuni kwa adabu, nikachukua korosho za Kilifi, na jirani akaniruhusu kwa sharti kwamba habari hizo zisifike Genova.

Kisha akanipa agizo moja ambalo nawaomba mlishike vizuri, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Alisema majani ya mrehani hayaloweshwi majini. Hufutwa tu kwa kitambaa kikavu, taratibu, kwa kuwa jani lililoloa likichubuka huanza kupiga weusi kabla halijaingia kinuni. Nikasema sawa.

Sasa, mrehani wa Kiitaliano wenye majani mapana, ule uuzwao madukani katika vikopo, ulikuwa umekwisha siku hiyo, na wakwe walikuwa wanafika baada ya swala ya magharibi. Nikakumbuka kwamba mrehani ni mmea wetu tangu enzi za mababu, nikashika njia ya mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, hadi kwa bibi mmoja auzaye vikuba. Kwa ninyi ndugu zetu wa bara: kikuba ni fungu la maua na majani yanukiayo, asumini, mrehani, mkadi na vinginevyo, ambalo wanawake hulivaa kifuani au nyweleni, na ambalo siku ya harusi halikosi. Ninyi wa pwani mmekwisha kuanza kucheka, naelewa, lakini niacheni nifike.

"Shikamoo, bibi. Mrehani upo?"

"Marahaba, mwanangu. Upo. Wa watu wangapi?"

"Watu sita."

Bibi aliacha kufunga kikuba alichokuwa nacho mkononi. "Sita?"

"Sita, bibi. Na wote wanataka leo hii jioni."

"Mashaallah," akasema bibi, akanitazama kwa heshima ambayo sijapata kutazamwa nayo na mtu yeyote wa Shela. "Na nani atakayewatengenezea?"

"Mimi mwenyewe, bibi, kwa mikono yangu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akakusanya majani, akayalaza katika kipande cha gazeti, na mimi nikiwa nimeinamia simu nikihangaika kumlipa kwa M-Pesa, akaniuliza: "Nikutilie?"

Mtu akikuuliza hivyo sokoni, wewe unaelewa nini? Mimi nilielewa nyongeza. Nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Tia, bibi, tia tu, usibane mkono."

Na kweli hakuubana. Niliporejea nyumbani na kulifungua lile gazeti niliyaona majani yaking'aa, nikajiambia kwamba huo ni umande. Umande, waungwana, saa kumi za alasiri, Malindi, katikati ya kaskazi.

Mtauliza pua yangu ilikuwa wapi. Pua yangu ilikuwa imezidiwa. Mke wangu, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wanakuja, alikuwa amekwisha kufukiza udi nyumba nzima, kuanzia sebuleni hadi bafuni, kwa kiasi ambacho hata paka wetu alikuwa akinukia heshima. Katika hali hiyo nilikaa jikoni nikiyafuta majani moja moja kwa kitambaa kikavu, kama nilivyoagizwa, nikayaponda kwa mkono wa kuzungusha, kama nilivyoagizwa, na harufu ya kinuni iliponipanda nikaiona ni ya ajabu, nikaamini kwamba huo ndio ufundi wenyewe unaozungumziwa. Sikuonja. Kitunguu saumu kibichi mtu hakionji wakati anangoja kuwapa mkono wakwe.

Basi tufike mezani, mahali ambapo swahiba wangu amepapita mbio katika sauti yake kwa sababu alikuwa akicheka, nami nitapapita polepole ili mjue nilichoteseka.

Tambi zilikwisha kuchemshwa sufuria moja na vipande vya viazi na mishiri, jinsi wafanyavyo Genova. Nikazimimina zingali zinafuka katika bakuli lenye pesto, nikaongeza mwiko mmoja wa maji yake, nikachanganya mbele ya wageni kwa madaha. Na hapo ndipo joto lilipoifikia ile pesto. Mvuke ulipanda ukiwa umebeba vitu viwili ambavyo nadhani tangu dunia iumbwe havijapata kupandishwa pamoja: kitunguu saumu kibichi na waridi. Mama mkwe alivuta pumzi, akaangalia mlango wa chumba chetu cha kulala, akaangalia bakuli, akainamisha macho. Mimi nikatabasamu. Nilidhani ananisifu moyoni.

Baba mkwe akapiga bismillahi. Nilimtazama akiizungusha uma, akiinua, akitia kinywani. Alitafuna mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili taya likapunguza mwendo. Mara ya tatu likasimama, nalo lilisimama huku mashavu yamejaa, na macho yake yakaanza kutembea: yakaenda kwa mkewe, yakaenda kwa binti yake, yakapanda darini, yakashuka, yakanifikia mimi, yakakaa. Hapakuwa na ghadhabu ndani yake. Ingekuwa ghadhabu ningejua la kufanya. Yalikuwa macho ya mzee anayejaribu kukumbuka harufu fulani aliyopata kuinusa mahali fulani, usiku fulani, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na ambaye mara amekumbuka.

Akameza. Koo lilipanda, likashuka, nasi sote tukalisikia. Akanywa maji bilauri nzima. Akajifuta midomo kwa leso, akaikunja ile leso pande nne, akaiweka kando ya sahani, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini mimi na mama yako huyu, harusi yetu ilikwisha zamani."

Swahiba alikuwa na tambi kinywani, na sitaeleza zilitokea wapi. Mama mkwe alijifunika uso mzima kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na kwa muda sikujua kama analia. Jirani yangu Mwitaliano, ambaye kwa heshima ya kinu cha bibi yake alikwisha kumeza uma mbili, aliiweka uma yake chini, akalisogeza bakuli hadi puani, akavuta pumzi ndefu, na kwa Kiswahili chake safi cha Malindi akaniuliza:

"Bwana, hii ni ya kula au ya kujipaka?"

Mke wangu hakuuliza swali. Aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na lile gazeti lenye majani yaliyobaki, akalinusa mara moja tu. "Hii attari ya waridi," akasema. "Na ni ile ya bei." Ikanibidi nisimulie habari ya "nikutilie" mbele ya wazazi wake, pamoja na ile ya watu sita, na nilipofika kwenye maneno "kwa mikono yangu" baba mkwe aliomba radhi akatoka barazani kupunga hewa.

Jirani, ambaye hata akiwa na waridi kooni haachi kufundisha, alinieleza kwamba attari ni mafuta, nayo ikikutana na mafuta ya zeituni na jibini huyeyukia humo na kukaa humo. Ukiacha iliyobaki kwenye kitambaa, yote ilihama kwenye majani ikaingia kwenye pesto. Kama ningeyachovya majani yale katika bakuli la maji, ningeuona utando wa mafuta ukielea na kujua kuna jambo. Nilimkumbusha ni nani aliyenikataza maji. Akasema Genova hakuna bibi anayeuza mrehani uliotiwa manukato, na kwa hilo sikuwa na jibu.

Yaliyofuata si mengi. Swahiba alitumwa viazi karai na mishkaki, na kumbe alikwenda huku akirekodi ule ujumbe wa sauti. Kinu nilikisugua usiku ule ule kwa ndimu ili kiache kunuka waridi, na asubuhi jirani akaniarifu kwamba tindikali ya ndimu hula marumaru. Ndani sasa kimepoteza mng'ao na kina mabaka, harufu bado ipo, na salamu zetu za asubuhi zimekuwa fupi. Bibi wa Shela ameniletea ujumbe kwa mtoto, anauliza wale bi harusi sita wanaendeleaje. Wale mlionitumia picha za vikuba tangu jana, nimewaona, nawahesabu.

Baba mkwe, kwa ajili ya heshima tu, alikuwa amekula nusu ya sahani kabla viazi karai havijafika. Mama mkwe amemsimulia mke wangu kwa simu kwamba kutoka kwetu hadi kwao Barani barabara ina mashimo, na kwa kila shimo mzee alicheua, na kwa kila alipocheua tuktuk nzima ilijaa waridi, mpaka dereva akashindwa kuvumilia, akageuka na kuuliza: "Mzee, samahani, bi harusi mmemwacha wapi?"